Kigoda ambacho Hooker hakukichonga

BIBI WA MAKTABA ANAJIBU

Toleo lililopita niliweka mistari sita tu chini ya safu hii, kukumbusha kwamba Novemba 3 Waanglikana humkumbuka Richard Hooker, mwanatheolojia wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1600. Nilikuwa najaza nafasi iliyobaki juu ya tangazo la sabuni. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kuliko zile za mahari. Nimechagua tano. Na wewe wa Nairobi uliyeuliza kama huyu Hooker ana uhusiano na yule anayecheza katikati ya safu ya mbele kwenye raga, swali lako nimelisoma, mwanangu. Tuendelee.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwinjilisti, nasoma theolojia masomo ya jioni. Mwalimu alichora ubaoni kigoda cha miguu mitatu, akaandika Maandiko, Akili, Mapokeo. Akasema hicho ni kigoda cha Hooker, au kwa lugha ya nyumbani mafiga matatu: ukiondoa moja, chungu kinamwagika. Kwenye mtihani nataka nitaje kitabu na sura, lakini kila ninapotafuta sipati. Iko wapi?*
— Mwinjilisti, Korogwe

Marahaba. Hupati kwa sababu haipo.

Nakuambia hivyo kwa kuwa nilihangaika nayo kabla yako. Nimetunza maktaba ya chuo cha theolojia miaka 26, na kila mitihani ilipokaribia alikuja kijana mmoja au wawili wakitaka "ukurasa wa kigoda". Tulikuwa na seti ya zamani ya kazi zake, juzuu tatu, aliyoihariri John Keble wa Oxford na kuitoa mara ya kwanza mwaka 1836. Majalada yalishaliwa na mende pembeni, gundi ya vitabu inawapendeza sana. Nikaona aibu kuwajibu vijana "sijui". Nikachukua rula, kamusi na taa ya chemli, nikaanza kusoma mstari kwa mstari, na sentensi za Hooker zina urefu wa treni ya mizigo: injini imeshafika stesheni, behewa la mwisho liko porini. Juzuu la pili peke yake lilinila Kwaresima mbili. Kigoda sikukiona. Mafiga sikuyaona.

Nilichokiona ni hiki, na hiki ndicho cha kuandika kwenye mtihani: kazi yake kubwa, Sheria za Utawala wa Kanisa, kitabu cha 5, sura ya 8, kifungu cha 2. Hapo anasema lile ambalo Maandiko yamelitamka wazi ndilo linalostahili nafasi ya kwanza, kuaminiwa na kutiiwa. Linalofuata ni lile ambalo mtu analifikia kwa nguvu ya akili, hoja ikimlazimu. Baada ya hayo mawili ndipo inakuja sauti ya Kanisa.

Sasa jiulize kama hayo ni mafiga. Mafiga ni sawa kwa sawa, na mpishi hajali lipi lilitangulia kuwekwa. Hapa ni foleni ya bombani. Wa kwanza akishajaza ndoo hakuna wa kumwambia amwage, na wa pili anakinga baada yake. Wa tatu hadharauliwi, ana ndoo yake na zamu yake, ila hawezi kuruka mbele. Tena angalia neno lenyewe. Hapo hakuandika "mapokeo", aliandika sauti ya Kanisa, yaani Kanisa lililo hai linaloamua sasa, kwenye mambo ambayo wale wawili wa mbele wameyaacha wazi. Na likishaamua, anasema, uamuzi wake unazidi maoni ya mtu mmoja mmoja aliye chini yake. Kigoda kilichongwa na watu wa baadaye waliotaka kumfupisha, kikapendwa kwa kuwa ni rahisi kuchora ubaoni.

Ukitaka kujua kwa nini aliing'ang'ania akili, mwangalie alikuwa akibishana na nani. Mwaka 1585 aliwekwa kuwa mkuu wa kanisa la Temple jijini London, kanisa la wanasheria. Mhubiri wa mchana pale alikuwa Walter Travers, mtu wa Wapuritani, ambao walitaka Kanisa la Uingereza litengenezwe upya kwa mfano wa Geneva, na wazee wa kanisa badala ya maaskofu. Basi asubuhi Hooker anahubiri, mchana Travers anapanda mimbari ileile na kumjibu, waumini walewale wamekaa kwenye viti vilevile. Thomas Fuller, mwanahistoria wa karne iliyofuata, alisema mimbari ile asubuhi ilizungumza Canterbury, makao ya Askofu Mkuu wa Uingereza, na mchana Geneva. Ilikwenda hivyo mpaka Machi 1586, Askofu Mkuu Whitgift alipomzuia Travers kuhubiri.

Ushindi wa namna hiyo haukumridhisha Hooker, au mimi ndivyo ninavyomsoma. Mtu kunyamazishwa si mtu kujibiwa. Akakaa akaandika jibu la vitabu vinane, Sheria za Utawala wa Kanisa. Kile cha pili kinabishana na dai kwamba Maandiko ndiyo kanuni ya kila tendo la mtu, hata la kuokota unyasi. Hooker anasema hapana, Maandiko ni kamili kwa kazi yaliyopewa, yaani kutuonyesha njia ya wokovu. Mengine Mungu ametupa akili, na akili nayo ni yake. Kitabu cha kwanza chote ni kuhusu hilo: sheria inayoongoza malaika, nyota, wanyama, mataifa. Kinaishia na sentensi ambayo nilikuwa nimeibandika juu ya meza ya kuazimia vitabu, kwa Kiswahili changu mwenyewe: "Juu ya Sheria hatuwezi kukiri pungufu ya haya, kwamba makao yake ni kifuani mwa Mungu, na sauti yake ndiyo upatano wa ulimwengu." Mkuu wa chuo alidhani ni onyo kwa wanaochelewesha vitabu.

Mwalimu wako mwambie, lakini mwambie ofisini, si mbele ya darasa.

*Bibi, shikamoo. Kwenye semina ya wanandoa mhubiri alitusimulia kuhusu Hooker. Eti alikuwa mpole mno, mama mwenye nyumba wa London akamwoza binti yake Joan kwa hila, naye akawa mke mkali asiye na sura wala mali. Wanafunzi wake wa zamani wakaenda kumtembelea kijijini, wakamkuta anachunga kondoo huku anasoma mashairi ya Horace. Wakaingia ndani wapate maongezi, mara mke akamwita akabembeleze mtoto. Akina mama tukaambiwa tusiwe kama Joan. Nilirudi nyumbani sina raha. Ni kweli?*
— Mama wa watoto wanne, Mombasa

Marahaba mwanangu, na pole. Hii nimeisubiri miaka mingi mtu aniulize.

Aliyeisimulia ni Izaak Walton, ambaye wavuvi wa ndoano wa Uingereza wanampenda kwa kitabu chake cha uvuvi. Maisha ya Hooker aliyatoa mwaka 1665. Hooker alipokufa, Walton alikuwa mtoto wa miaka kama saba. Kalamu yake ni tamu, sikatai. Ila chukua kalamu yako na wewe, tuandike tarehe mbili tu. Kijiji anachokitaja ni Drayton Beauchamp, ambako Hooker alipewa parokia Oktoba 1584 na kuiacha mwanzoni mwa 1585, alipoitwa Temple. Sasa ndoa: Richard Hooker na Joan Churchman walifunga ndoa Februari 13, 1588, London, katika kanisa la Mtakatifu Augustino, Watling Street. Huyo mtoto wa kubembelezwa alitoka wapi?

Mwaka 1940 msomi aitwaye C. J. Sisson alichapisha aliyoyakuta kwenye majalada ya mahakama, ya mashauri yaliyofunguliwa baada ya Hooker kufa. Mambo yakageuka. Baba yake Joan, John Churchman, hakuwa mpangishaji vyumba mwenye njaa. Alikuwa mfanyabiashara mzito wa London, mmoja wa wakubwa wa chama cha Merchant Taylors. Joan hakwenda kwa mume mikono mitupu. Na nyumba ile ya wakwe, ambayo Walton anaifanya mtego, ndimo Hooker alimokaa akiandika. Kwa hiyo vitabu tunavyovisifia viliandikwa kwenye meza ya ukweni, kwa chakula cha ukweni, na mishumaa ya ukweni. Umeona jinsi simulizi linavyoweza kula chakula cha watu na kisha kuwatukana?

Ngoja nikusimulie kidogo ya kwangu, halafu nirudi. Marehemu mume wangu alikuwa kasisi. Mwaka mmoja nilikuwa kwenye mtihani wa ukutubi, nje ya mji siku tatu, na mtoto wetu wa pili ana miezi minane. Wakaja wageni wawili wa kanisa bila taarifa. Wakamkuta mume wangu amembeba mtoto mgongoni kwa kanga, anamenya mihogo, redio inaimba. Wakala mihogo hiyo, wakanywa chai, wakaondoka. Kabla sijarudi, habari ilishazunguka mitaa mitano ya kanisa: mke wa kasisi amemkalia mumewe kichwani. Hakuna aliyetaja mtihani. Nilifaulu, lakini hilo halikuzunguka. Nilipokuja kusoma habari ya Joan nilijua kabisa harufu yake.

Ila Walton hakuizusha kwa chuki tu, na hapa ndipo panaponoga. Baada ya Hooker kufa, anasema, Joan aliwaruhusu wachungaji wa Kipuritani kuingia chumba cha kusomea, nao wakachoma na kuchana karatasi alizoacha mumewe. Kuna waliofaidika na habari hiyo. Soma jibu linalofuata utaona ni akina nani.

*Bibi, heshima yako. Nimenunua kwenye vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, juzuu la tatu la kazi za Hooker, la Keble, kwa shilingi elfu nane. Ndani kuna kitabu cha sita, cha saba na cha nane, halafu hotuba. Rafiki yangu ananiambia nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, hivyo vitatu si vya Hooker. Nivisome au nivifungie karanga?*
— Mpenda vitabu, Ilala

Elfu nane! Mimi ningetoa arobaini na nauli juu. Karanga zifungie gazeti.

Rafiki yako anakosea, ila si sana. Alipokuwa hai Hooker alichapisha utangulizi na vitabu vinne vya kwanza, mwaka 1593, gharama akizibeba Edwin Sandys, mwanafunzi wake wa zamani. Kitabu cha tano, ambacho peke yake ni kirefu kuliko hivyo vinne pamoja, kilitoka 1597. Wakati huo alikuwa amehamia parokia ya Bishopsbourne, karibu na Canterbury. Akafa huko Novemba 2, 1600, akiwa na miaka 46 hivi. Walton anasimulia kwamba nyumba iliibwa alipokuwa mgonjwa, naye akauliza kama vitabu na karatasi zake viko salama, alipoambiwa viko akasema basi, hayo mengine si kitu. Kama hayo nayo ni utamu wa Walton sishangai, ila hili ni la hakika: siku tano baada ya kifo, Novemba 7, mwanatheolojia Lancelot Andrewes alimwandikia mwenzake barua akihimiza karatasi zile ziwahiwe zisije zikapotea. Nani asiyejua haraka ya namna hiyo? Mwalimu akifa, watu wema wanalia sebuleni, watu wa vitabu wanaulizana funguo ya ofisi.

Karatasi zikagawanywa kwa marafiki. John Spenser wa chuo cha Corpus Christi, Oxford, alizishughulikia mpaka akafa. Cha sita na cha nane havikuchapishwa mpaka 1648, cha saba mpaka 1662, katika toleo la Askofu John Gauden. Tazama miaka hiyo kwa makini. Mwaka 1648 Waingereza walikuwa vitani na mfalme wao, na Januari 1649 wakamkata kichwa. Kitabu cha nane kinazungumzia mamlaka ya mfalme juu ya Kanisa, na humo Hooker anaurudia msemo wa wanasheria wa kale, kwamba sheria ndiyo inayomfanya mfalme. Kisha mwaka 1660 wafalme wakarudi, maaskofu wakarudi na kofia zao, na miaka miwili baadaye Gauden anatoa kitabu cha saba, kinachowatetea maaskofu vizuri kabisa, isipokuwa katikati yake kinawakumbusha kwamba mamlaka yao yamesimama zaidi kwa desturi ya muda mrefu, na kwamba wakijivuna kupita kiasi, Kanisa lote kwa kukubaliana lina uwezo wa kuwaondolea. Unadhani walifurahi?

Ndipo Askofu Mkuu Sheldon alipomtia moyo Walton aandike maisha mapya ya Hooker, ya kufunika yale ambayo Gauden aliyaweka kwenye toleo lake. Na ndani ya maisha hayo mapya tukakutana na mke mjinga aliyeacha karatasi zichomwe. Mantiki iko wazi: kama karatasi ziliharibiwa, basi yale yanayouma kwenye vitabu vya mwisho si ya Hooker, ni ya wahuni. Mama wa Mombasa, ndiyo kazi Joan aliyofanyishwa akiwa kaburini.

Wasomi wa sasa wanavikubali vitabu vyote vitatu kuwa mkono wake, ila havikumaliziwa. Chenye kasoro ya kweli ni cha sita. Kilipaswa kuwajibu Wapuritani juu ya wazee wa kanisa wasio makasisi, lakini ukikifungua unakuta sehemu kubwa ni toba na maungamo. Bahati nzuri Sandys na mwenzake George Cranmer waliwahi kusoma rasimu ya mapema na kuandika maoni yao, na maoni hayo bado yapo Corpus Christi. Ukiyalinganisha na ulichonacho mkononi, hayalingani. Wanakosoa kurasa ambazo hatuna. Ni kama kusikia mtu akizungumza kwenye simu, upande wa pili umekatika.

Chapa ya siku hizi, ya maktaba ya Folger, ilianza kutoka mwaka 1977 chini ya W. Speed Hill na kumalizika 1998, juzuu saba. Walitumia hata muswada wa kitabu cha tano ambao msaidizi wa Hooker aliuandika kwa mwandiko safi na Hooker mwenyewe akausahihisha kwa mkono, ambao uko maktaba ya Bodleian, Oxford. Chuo chetu tuliletewa juzuu mbili tu za Folger na mwalimu mgeni, la kwanza na la nne. La nne nitalitaja chini.

Anza na hotuba, si vitabu. Tafuta ile ya kuhesabiwa haki, aliyoihubiri Temple 1586 na iliyomkasirisha Travers kuliko zote. Humo anasema hana shaka Mungu aliwahurumia maelfu ya mababu zao walioishi na kufa chini ya Papa, kwa kuwa walikosea kwa kutojua. Alisema hivyo Uingereza ya Elizabeth, na miaka miwili baadaye meli za Hispania zilikuwa njiani kuja kuivamia. Mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu nikamwaza bibi yangu mzaa mama, aliyekufa bila ubatizo na aliyenifundisha kushukuru kabla ya kula. Najua Hooker alikuwa akisema Wakatoliki na hoja si ileile. Nilimwaza tu.

*Bibi, mimi ni Mlutheri nimeolewa na Mwanglikana. Likizo tulikwenda kwao Masasi, kanisani kuna ubani, chetezo, kengele na Misa. Tukahamia Dodoma kikazi, Anglikana hiyohiyo, hakuna hata mshumaa. Huyo Hooker wenu alisema ipi ndiyo sahihi?*
— Mke wa Mwanglikana, Dodoma

Mwanangu, umeolewa na makanisa mawili kwa harusi moja. Masasi ililelewa na UMCA, wamisionari wa vyuo vikuu walioathiriwa na kundi la Keble, yuleyule mhariri, lililozipenda desturi za kale za Kanisa. Dodoma ililelewa na CMS, shirika jingine la wamisionari wa Kianglikana, watu wa Biblia na nyimbo. Hooker hakubishania ubani. Ugomvi wa siku zake ulikuwa kanzu nyeupe ya mhudumu, ishara ya msalaba kwenye ubatizo, pete ya ndoa, kupiga magoti wakati wa Ushirika. Wapuritani walisema hayo ni mabaki ya Roma, yatupwe. Yeye akasema jambo haliwi baya kwa kuwa tu Roma inalifanya, na Kanisa lina haki ya kujiwekea taratibu, na kuzibadili pia. Kwa hiyo angekaa Masasi akakohoa kidogo, angekaa Dodoma akahubiri saa nzima.

Jambo lililowahi kuwagombanisha kweli Waanglikana wa huku ni lingine. Juni 1913, kwenye misheni ya Waskoti Kikuyu, maaskofu wa Mombasa na Uganda walikaa na Wapresbiteri na wengine kupanga ushirikiano, wakamaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akawashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa wazushi. Chini ya moto ule kulikuwa na swali hili: kasisi asiyewekewa mikono na askofu ni kasisi? Kitabu cha saba, kile cha mpenda vitabu wa Ilala, kinalo. Hooker anasema utaratibu ni askofu, ila hali ikilazimisha kweli, upadrisho bila askofu unaweza kuwa na sababu ya kutosha. Kila upande ungeweza kuikata sentensi hiyo katikati na kuondoka na nusu yake.

Na kwa kuwa umetaja Misa: kuhusu mkate na divai alichoka na mabishano ya "vipi". Kitabu cha 5, sura ya 67, anasema vitu hivyo ni nini ndani yake haidhuru, yamtosha anayepokea kwamba kwake ni mwili na damu ya Kristo. Kisha, ghafla, mtu huyu wa sentensi ndefu anaandika fupi: "Ee Mungu wangu, u kweli, ee nafsi yangu, una heri." Kisome na mumeo.

*Shikamoo Bibi. Vitabuni wanamwita "Hooker mwenye busara". Hakuwahi kukasirika?*
— Mwanafunzi, Iringa

Marahaba. Jina hilo liko kwenye mnara wa kumbukumbu uliowekwa kanisani Bishopsbourne mwaka 1635, na mwanafalsafa John Locke akalizoea, akimnukuu humwita "Hooker mwenye busara". Mimbarini alikuwa baridi kweli. Fuller anasema sauti yake ilikuwa ndogo, kimo kifupi, mikono haichezi, na macho yalipotua mwanzo wa hotuba ndipo yalipokutwa mwisho. Na kwenye utangulizi wa kitabu chake aliandika kwamba utafika wakati maneno matatu yaliyosemwa kwa upendo na upole yatapata thawabu kubwa kuliko vitabu elfu tatu vilivyoandikwa kwa ukali wa dharau.

Sasa lile juzuu la nne la Folger. Mwaka 1599 kilitoka kijitabu kisicho na jina la mwandishi, kikimshutumu kwamba ameziacha imani za Kanisa lake, na kwamba tena hata haeleweki anapoandika. Nakala aliyoisoma Hooker mwenyewe imehifadhiwa, Corpus Christi, na pembeni mwa kurasa ameandika kwa kalamu. Mengi ni hoja alizokuwa akizikusanya apate kujibu. Alikufa hajamaliza. Lakini mahali pamoja kaandika, naomba radhi kwa makasisi: tazama punda huyu anavyokimbia akirusha mateke, kana kwamba ameumwa na inzi wa kiangazi.

Nililicheka mpaka mkuu wa chuo akachungulia. Maktaba yetu ilikuwa na faini ya shilingi hamsini kwa anayeandika pembeni mwa kitabu, nami nilikuwa siisamehi hata kwa shemasi. Hooker nisingemtoza. Kile kilikuwa kitabu chake.